Namna ya Kutibu Maumivu ya Goti kwa Mzee Ambaye Bado Anashika Jembe

Mzee wa Mvumi, Hombolo au Mpunguzi, huku mkoani Dodoma, akianza kulalamikia goti, watoto wake humshauri apumzike na kazi awaachie vijana. Ushauri huo hutolewa kwa mapenzi, lakini ugonjwa unaowapata wengi wenye umri mkubwa, yaani kulika kwa gegedu linalofunika ncha za mifupa ndani ya kiungo, hautulizwi kwa kukaa. Goti hutegemea misuli ya paja, na misuli isiyotumika husinyaa na kukiachia kiungo mzigo wote. Kwa sababu hiyo matibabu ya kwanza ni mazoezi yenye kipimo, pamoja na kupunguza uzito kwa aliyezidi. Dawa, sindano na upasuaji huja nyuma yake.

Kwanza ijulikane ni maumivu ya namna gani. Mtu aliyevuka miaka 45, ambaye goti humuuma anapotembea au kupanda ngazi na kutulia anapopumzika, na ambaye ukakamavu wa asubuhi hauzidi nusu saa, kwa kawaida anaweza kutambuliwa ugonjwa wake bila hata kupigwa picha ya eksirei. Wapo wazee ambao picha huonyesha goti lililolika vibaya, nao wanakwenda mnadani Msalato na kurudi bila taabu; wapo pia ambao picha ni nzuri na usingizi hawaupati. Mambo yafuatayo, hata hivyo, hayasubiri mazoezi wala kuchua: goti lililovimba ghafla likawa la moto huku mgonjwa ana homa, goti lililojifunga lisikunjuke, kushindwa kukanyaga baada ya kuanguka, au kigimbi cha mguu mmoja kuvimba na kuuma. Mwenye dalili hizo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Maumivu yanayomwamsha mtu usiku huku mwili ukizidi kukonda nayo yasikaliwe nyumbani.

Kazi za shambani zipangwe upya, zisiachwe. Linaloliumiza goti zaidi ni kulikunja sana kwa muda mrefu, kama vile kuchuchumaa wakati wa palizi, kupiga magoti chini ya mizabibu, au kukaa jikoni kwenye kigoda kifupi kuanzia moto unapowashwa hadi ugali uive. Mzee atumie jembe la mpini mrefu, abadilishe kazi kabla goti halijaanza kuuma, na palizi ambayo zamani aliimaliza asubuhi moja aigawe kwa siku mbili au tatu. Kigoda kibadilishwe kwa kiti cha kimo cha kawaida na jiko liinuliwe juu ya meza ya matofali. Choo cha shimo kinaweza kuwekewa kiti chenye tundu, ambacho fundi seremala yeyote hukitengeneza. Anayeswali anaruhusiwa kuswali akiwa amekaa kitini iwapo kusujudu kunamtesa.

Zoezi la kuanza nalo ni kuinuka kitini. Kitafutwe kiti kigumu cha mezani, si kochi, kiegemezwe ukutani kisiteleze. Mzee akae karibu na ukingo, nyayo zikanyage chini zikiwa nyuma kidogo ya magoti, kisha ainamishe kifua mbele hadi pua ifike juu ya vidole vya miguu, ndipo ainuke. Kushuka ndiko kwenye faida kubwa: ashuke polepole akihesabu hadi tatu, bila kujibwaga. Magoti yafuate uelekeo wa vidole vya miguu, yasiingie ndani kugusana, kosa linaloonekana sana kwa mwenye nyonga dhaifu. Asiyeweza aongezewe mto juu ya kiti au ajisaidie kwa mikono, na mikono hiyo iondolewe kadiri nguvu inavyorudi. Arudie mara 8 hadi 12, apumzike, kisha afanye mzunguko wa pili, siku tatu kwa wiki.

Siku hizo hizo alale chali kitandani, mguu mmoja ukunjwe na mwingine unyooke, akaze paja la ulionyooka na kuunyanyua kiasi cha shubiri moja na nusu, aushikilie kwa hesabu ya tano na kuushusha taratibu. Zoezi hili humfaa hata yule ambaye goti lake halivumilii uzito wa mwili. Baada ya wiki kadhaa anaweza kusimama ameshika ukuta na kupanda ngazi moja fupi ya kibaraza, akishuka kwa uangalifu.

Maumivu kidogo wakati wa mazoezi si dalili ya madhara. Kipimo kinachotumika ni hiki: kwa mizani ya 0 hadi 10, maumivu yasipande kupita 5, na kufikia siku ya pili yawe yamerudi yalivyokuwa. Yakibaki juu, mzee apunguze idadi, asiache. Nafuu ya maana huchukua wiki 6 hadi 12, na wengi huacha katika wiki ya tatu wakidhani hayasaidii.

Kutembea ni dawa pia, na kwa Dodoma saa kumi na mbili asubuhi ndiyo saa yake, kabla jua halijawa kali. Ardhi tambarare inafaa kuliko mlimani, kwa maana kuteremka hulibana goti kuliko kupanda. Raba zenye soli laini ni bora kuliko kandambili zilizolika upande mmoja. Baiskeli hulisumbua goti kidogo mno iwapo kiti kimepandishwa, ili pedali ikiwa chini kabisa mguu uwe karibu kunyooka.

Kwa aliyenenepa, kila kilo moja inayopungua huondoa mzigo wa takriban kilo nne kwenye goti katika kila hatua. Hakuna dawa ya dukani inayofanya hivyo. Kuna imani kwamba mlenda na bamia hurudisha ute wa magoti uliokauka. Mlenda ni mboga njema na hakuna sababu ya kumnyima Mgogo mlenda wake, ila utelezi wake humeng'enywa tumboni kama chakula kingine na hauendi gotini.

Dawa ya kuanzia ni jeli ya diklofenaki, inayopakwa kwenye ngozi isiyo na kidonda mara 3 hadi 4 kwa siku, kwa sababu sehemu ndogo tu huingia kwenye damu. Vidonge vya diklofenaki, ibuprofeni au piroksikamu hupunguza maumivu, lakini kwa mzee vinaweza kutoboa tumbo, kudhoofisha figo na kupandisha presha; vitumiwe baada ya chakula, kwa siku chache, na mwenye presha, vidonda vya tumbo, ugonjwa wa moyo au wa figo asivinunue bila kuonana na daktari. Kumeza aina mbili za kundi hili kwa pamoja ni hatari tupu. Paracetamoli husaidia kidogo tu, na isizidi gramu 4 kwa saa 24. Dawa ya unga isiyo na lebo, inayomaliza maumivu yote kwa siku mbili, itiliwe shaka, kwani huenda imechanganywa na steroidi, yaani dawa kali za kutuliza uvimbe.

Fimbo ishikwe kwa mkono wa upande wa goti zima, si wa goti bovu, nayo isonge mbele pamoja na mguu unaouma. Wazee wengi huishika kinyume.

Sindano ya steroidi ndani ya goti huleta nafuu ya wiki chache, na ikirudiwa mara kwa mara inaweza kuliharibu gegedu. Iwapo miezi ya mazoezi ya kweli haikusaidia na mzee hawezi tena kulala wala kufika dukani, aombe rufaa ya kwenda kwa daktari wa mifupa, katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Dodoma au Hospitali ya Benjamin Mkapa, ili suala la kubadilishiwa goti lizungumzwe. Aende na dawa zote anazotumia ndani ya mfuko mmoja, pamoja na zile za mizizi, na aendelee na mazoezi yake hadi siku ya upasuaji, kwa kuwa paja lenye nguvu kabla ya kisu humsaidia kusimama mapema baadaye.