Sushi kwa mgeni Japani: uanze na ipi, uulize nini

Ukija Japani kwa masomo au kazi, haitachukua muda mrefu kabla profesa wako au wenzako kazini hawajakualika kula sushi. Wengi wetu tunaitikia mwaliko huku moyoni tumeshakata shauri kwamba samaki mbichi hatuli. Wengine wanajikaza, wanaanza na samoni mbichi kwa sababu ndiyo iliyojaa kwenye picha, inawakwama kooni, na hawarudi tena. Nasikitika kila ninaposikia habari hiyo, maana hakukuwa na haja. Kinachoifanya sushi iwe sushi ni wali uliokolezwa siki, sukari na chumvi. Kilichowekwa juu yake kinaweza kuwa kimeiva kabisa. Samaki mbichi asiye na wali huitwa sashimi, na hicho ni chakula kingine.

Tena hiyo samoni yenyewe si ya asili hapa. Wajapani wa zamani walikuwa hawaili mbichi, kwa sababu samoni wa Bahari ya Pasifiki walijulikana kuwa na minyoo. Ni Wanorwei waliowashawishi tangu miaka ya 1980, kwa samoni wao wa kufugwa. Kwa hiyo usione haya kuiruka.

Anza na unachokijua

Mtu aliyekulia Tanga, Lamu au Unguja ana pa kuanzia pazuri: pweza. Hapa anaitwa tako, na kwenye sushi huwa amechemshwa, amekatwa vipande vyembamba, bado ana ule ukinzani menoni unaoujua. Kamba aliyeandikwa ebi naye amechemshwa, lakini ama-ebi ni mbichi, basi soma vizuri. Mkunga, yaani unagi wa maji baridi au anago wa baharini, huwa amepikwa na kupakwa mchuzi mzito mtamu. Tamago ni yai la kukaanga lenye sukari, watoto hulipenda. Inari ni kifuko cha tofu (jibini ya soya) ya kukaanga kilichojazwa wali, hakina samaki juu yake. Kappa maki ni tango tupu lililoviringishwa kwa wali na mwani.

Kwa aliyetoka bara, ambako samaki ni wa kukaanga au wa kukausha, ningeshauri hatua ya katikati: chochote kilichoandikwa aburi. Mpishi hupitisha moto wa gesi juu ya samaki mpaka mafuta yachuruzike na uso uungue kidogo, ndani akabaki laini. Harufu ya kuchoma inakusaidia kusahau ubichi. Ukishazoea hapo, jaribu jodari mwekundu, akami. Akiwa mzuri hana shombo hata kidogo. Mimi namweka akami mbele ya toro, ile sehemu ya tumbo yenye mafuta ambayo watu huilipia fedha nyingi. Toro inayeyuka mdomoni na kuacha ulimi umejaa mafuta, wakati akami ina ladha ya samaki mwenyewe.

Ninayempenda kuliko wote ni shime saba: kibua aliyelazwa kwenye chumvi kisha kwenye siki, ngozi yake bado inang'aa rangi ya fedha. Ana ukali, ana chumvi, na ukimla na kipande cha tangawizi utaelewa kwa nini watu wa pwani wanampenda haraka. Ngisi mbichi anateleza na kunata, usianze naye. Uni, tezi za uzazi za yule kiumbe mwenye miiba tunayemkwepa tukitembea maji yakipwa, sijaweza kuzipenda, na bei yake haisamehe majaribio.

Mezani

Sushi ya kufinyanga kwa mkono ilienea Edo, Tokyo ya leo, mwanzoni mwa karne ya 19, ikiuzwa vibandani kwa watu wenye haraka. Kuila kwa mkono ni sahihi kabisa, hivyo kama vijiti vinakusumbua, nawa mikono na ule. Geuza tonge ili samaki ndiye aguse sosi ya soya. Ukichovya wali unanyonya chumvi yote na kusambaratika. Tia tonge zima mdomoni. Tangawizi ya siki ni ya kusafisha kinywa kati ya samaki mmoja na mwingine. Usisimamishe vijiti ndani ya bakuli la wali wala usimpokeze mtu chakula kutoka vijiti vyako hadi vyake, mambo hayo yote mawili ni ya msibani.

Wasabi, ile rojo kali ya kijani, hupanda puani, haikai ulimini kama pilipili yetu. Mzoefu wa pilipili kichaa asijidanganye. Usipoitaka, sema "sabi-nuki". Kwenye mikahawa ya bei nafuu siku hizi sushi huja bila wasabi, unajiongezea kutoka vipakti vilivyo mezani au kwenye mkanda unaopitisha sahani.

Mikahawa hiyo ya mkanda unaozunguka, kaiten-zushi, ndiyo ya kwanza kuiendea. Ilianzia Osaka mwaka 1958, na leo Sushiro, Kura Sushi na Hama Sushi zina matawi nchi nzima. Unaagiza kwenye skrini, ambayo kwa kawaida ina Kiingereza na picha, na hakuna anayekutazama ukiacha kitu. Sahani ya bei ya chini huanzia yeni 110 hadi 150 hivi kulingana na mji, aghalabu ina vipande viwili. Mezani kuna bomba lenye kitufe: hilo hutoa maji ya chai ya moto sana, si ya kunawia mikono. Weka unga wa chai ya kijani kikombeni, kisha sukuma kikombe kwenye kitufe. Bakshishi haitolewi Japani. Mkahawa wa kaunta usio na bei ukutani, uende tu ukiwa na mwenyeji, au uende mchana, bei ikiwa nafuu.

Kwa Waislamu na Wasabato

Samaki si tatizo, viungo ndivyo. Siki ya wali wakati mwingine huchanganywa na mirin, pombe tamu ya kupikia, na mchuzi wa mkunga karibu siku zote una mirin au sake, pombe ya mchele. Sosi nyingi za soya huongezewa alkoholi ili zisiharibike. Kwenye chupa tafuta maandishi 酒精. Mirin ni みりん, sake ni 酒. Muulize mhudumu: "Osake ya mirin wa haitte imasu ka?" Ile "nyama ya kaa" nyekundu na nyeupe, kanikama, ni samaki mweupe aliyesagwa, mara nyingi akiwa na ute wa yai, dondoo la kaa na mirin. Supu iitwayo tonjiru ina nguruwe. Na angalia skrini vizuri, mikahawa hii huweka hata nyama na hemu, yaani paja la nguruwe, juu ya wali.

Wanaofuata Imam Shafi hawana neno na pweza, ngisi na kamba. Ithnaasheri hula samaki mwenye magamba pamoja na kamba, kwa hiyo pweza, ngisi na mkunga wataviacha. Msabato anayeshika Walawi 11 ataacha kamba pia, na kaa na chaza. Yeye abaki na samoni, samaki waitwao tai na aji kwa Kijapani, na inari.

Usalama

Hapa naomba tusikilizane. Siki, chumvi, wasabi na sosi ya soya haviui mnyoo wa anisakis, ambaye hupatikana sana kwa kibua na ngisi. Wizara ya Afya ya Japani inasema kinachomuua ni kugandisha kwa nyuzi 20 chini ya sifuri kwa saa 24 au zaidi, au kupika. Ukipatwa na maumivu makali ya tumbo saa chache baada ya kula samaki mbichi, nenda hospitali na utaje ulichokula. Daktari humtoa mnyoo kwa kamera ya tumboni. Kwa hiyo shime saba usijitengenezee nyumbani kwa samaki uliyemvua au kumnunua wa kupikia. Kwa kula mbichi nunua aliyeandikwa "sashimi yō". Samaki wa ziwa au mto, hata awe sato wa nyumbani, asiliwe mbichi kamwe.

Jodari akikaa kwenye joto hutengeneza histamini, kemikali inayodhuru, na hiyo haiondoki kwa kupika wala kugandisha. Ulimi ukiwasha, acha. Mjamzito aepuke samaki mbichi na jodari mkubwa mwenye zebaki nyingi, atosheke na sushi zilizopikwa.

Nyumbani

Ukiwa na wanafunzi wenzako, tengenezeni temaki, sushi ya kusokota kwa mkono, kila mtu ajisokotee. Mchele uwe wa Kijapani, mfupi na wenye kunata. Basmati na pishori havishikani. Kwa gramu 300 za mchele pasheni taratibu vijiko vikubwa vinne vya siki ya mchele, viwili vya sukari na kijiko kidogo cha chumvi, mwage juu ya wali wa moto, mgeuze kwa kukata bila kuuponda huku mwingine anapepea. Siki isiwe ya mirin, soma lebo. Kisha pangeni mezani karatasi za nori (mwani uliokaushwa), tango, yai, jodari wa kopo aliyechanganywa na mayonezi, na parachichi. Maduka makubwa jioni hubandika 半額, nusu bei, kwenye sashimi ya siku hiyo. Iliyobandikwa hivyo iliwe usiku uleule.