Jinsi ya kujadili bajeti na ushuru wa kaunti barazani kabla ya kura

Kura ni tarehe 10 Agosti 2027 na huku Lamu wagombea wa MCA, yaani wawakilishi wa wadi kwenye bunge la kaunti, washaanza kuzunguka mabarazani, huyu asema atajenga gati, yule atafuta ushuru wa samaki, na sisi twawapigia makofi, twamaliza kahawa, twaenda zetu kulala. Mimi naumia sana na hili jambo. Kwa hivyo nawaandikia njia ya kufanya mjadala wenye maana mtaani kwenu.

Anzeni na karatasi kabla hamjamwita mgombea hata mmoja. Bajeti ya kaunti si siri, Katiba kifungu cha 35 chakupa haki ya kupata habari na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 yaipa ofisi siku 21 kukujibu, so andika barua mapema, peleka nakala mbili, yako wewe igongwe muhuri urudi nayo nyumbani. Ombeni orodha ya miradi ya wadi yenu, halafu mtafute ripoti za Msimamizi wa Bajeti, zatoka kila robo mwaka na zaonyesha pesa zilizotumika kweli. Wengi hawazijui kabisa hizi ripoti, wanashika bajeti peke yake wakidhani kila kilichoandikwa kimelipwa.

Sasa chukueni karatasi kubwa ya manila na maka pen. Andikeni miradi ya wadi yenu tu, iwe Mkomani, Hindi, Faza au Witu, msijaze mambo ya kaunti nzima watu wakachoka. Mradi ukionekana miaka mitatu mfululizo na kila mwaka umetengewa pesa upya, upigeni mstari mwekundu. Tundikeni ukutani pale pale penye baraza, mzee anayepita kwenda msikitini asome, kijana anayefunga punda wake asome.

Wekeni wazi kazi ya nani ni ipi maana hapa ndipo tunapodanganywa zaidi. Zahanati, chekechea, masoko, magati na feri za kwetu ni za kaunti. Polisi na shule za msingi ni serikali kuu. Na MCA mwenyewe hashiki pesa, kazi yake ni kutunga sheria, kupitisha bajeti na kuifuatilia, kwa hivyo akisema "nitajenga" mwambieni atuelezee ataipitishaje kwenye bunge la kaunti.

Kwenye ushuru msibishane hewani. Kila mtu aje na risiti zake, ya leseni ya duka, ya sesi (ushuru wa mazao) ya samaki au boriti, ya kibanda sokoni. Sisi tulizipanga kwenye jamvi tukaweka na vijiwe zisipeperuke na upepo, mvuvi mmoja alikuwa na risiti zilizofifia mpaka tarehe haisomeki lakini kiasi chaonekana, na pale pale watu wakaanza kuulizana mbona wewe umelipa hivi na mimi vile. Hakuna ada inayotozwa bila sheria, kwa hivyo linganisheni na Sheria ya Fedha ya kaunti ya mwaka huo. Anayeahidi kufuta ushuru aseme pia atapunguza nini, maana Lamu yategemea sana mgao wa serikali kuu, 2021/22 kaunti zote 47 ziligawana shilingi bilioni 370 na sisi tukapata kama bilioni 3.1 hivi.

Kuna swali moja nawaomba msilisahau. Mwaka wa fedha waanza Julai 1 na bajeti yatakiwa iwe imepita Juni 30, maana yake MCA atakayeshinda Agosti ataikuta bajeti ya mwaka huo ishapitishwa na bunge lililopita, labda kuwe na bajeti ya nyongeza. So anayeahidi gati kabla ya Disemba muulizeni pesa hizo ziko ukurasa gani.

Mama zetu hawakai barazani, tusijifanye hatulijui hilo. Wekeni kikao chao uani baada ya alasiri, manila ile ile, na mgombea aende huko pia. Wao ndio wanaojua zahanati haina dawa siku gani.

Mwendesha kikao asiwe mtu wa kampeni ya yeyote. Mgombea apewe dakika tatu kwa kila swali, na maneno ya ukoo au huyu mwenyeji huyu mgeni yakatwe papo hapo, yashatuumiza vya kutosha hapa Lamu. Kahawa na kashata nunueni wenyewe, tafadhali, msipokee za mgombea.

Kila ahadi iandikwe chini ya manila pamoja na kiasi cha pesa, mgombea atie sahihi mbele ya watu. Halafu ikunjeni muiweke pasipo na unyevu, nyumba ya mtu mnayemwamini, mpaka Aprili 2028, makadirio mapya yakifika bungeni muitundike tena ukuta ule ule.