Jinsi ya kumwanzishia mtoto habari za sayari na ulimwengu ulivyoanza

Usianze na chati ya ukutani. Mi nilianza nayo, nikamkalisha mwanangu wa miaka saba nikamkaririsha Utaridi, Zuhura, Dunia, Mirihi, Mshtarii, Zohali, Uranusi, Neptuni, siku mbili tu akawa anazitiririsha zote, halafu usiku mmoja umeme umekatika tumekaa barazani nikamwambia ona Zuhura ile pale juu ya mwembe wa jirani, akaniangalia tu, kumbe hakujua kama yale majina ni ya vitu vinavyoonekana! Tangu hapo naanza na anga, chati inakuja baadae. (Na kama we ulisoma zamani ukahesabu tisa, Pluto ilitolewa kwenye orodha mwaka 2006, sasa inaitwa sayari kibete.)

Huku kwetu tumebahatika sana kwa hili na wazazi wengi hatulioni. Jua linazama saa kumi na mbili na kitu mwaka mzima, ikifika saa moja na nusu giza limeshaingia na mtoto bado yuko macho, wenzetu wa Ulaya kaskazini wakati wa kiangazi mpaka giza liingie watoto washalala zamani. Kwa hiyo baada ya kuoga kabla ya kula toka naye nje dakika kumi, zima taa za uani, mwache macho yazoee. Mfundishe kitu kimoja tu, nyota inametameta ila sayari mwanga wake umetulia. Zuhura atafute jioni upande wa magharibi au alfajiri mashariki, haionekani usiku wa manane kwa sababu iko karibu na jua kuliko sisi. Mirihi ina rangi ya kutu. Mshtarii ukipata darubini ya mkononi hata ya kuazima, iegemeze ukutani isitikisike, utaona vinukta pembeni yake, hiyo ndo miezi yake mikubwa aliyoiona Galileo, mwanasayansi wa Italia, mwaka 1610. Ila jua asilitazame kabisa, si kwa macho wala kwa darubini, hilo mrudie kila mara.

Akishazoea anga ndo mpe ukubwa, na hapa tenga muda kwa sababu michoro ya vitabuni inabana sayari zote kwenye ukurasa mmoja, mtoto anaona kama zimepangana vile. Chukua mpira wa miguu, huo ndo jua. Dunia ni punje ya ulezi, ndio, ule ule wa uji. Weka mpira golini, tembea naye mita 24 hivi, hatua zako kama thelathini, mwambie Dunia inakaa hapa. Mwezi ni kichembe cha mchanga sentimita sita kutoka kwenye ulezi. Mshtarii ni gololi kubwa, nayo inatoka kabisa nje ya uwanja, mita 120 na kidogo, na Neptuni ni kama njegere mita 700 huko, sisi tulifika dukani. Mwanangu alibeba ule ulezi kidoleni njia nzima, umemnata kwenye jasho, akasimama akauliza "Mama, na shule yetu iko humu?" Nikamwambia iko humo, na bahari yote, na bibi. Akanyamaza mpaka nyumbani. Kwa kipimo hicho hicho nyota iliyo jirani kabisa na jua letu iko zaidi ya kilomita 6,000, yaani mpira wako uko Dar na nyota hiyo iko Italia.

Siku za mvua mkiwa ndani hesabuni birthdei. Mwaka wa Utaridi, yaani muda wa kulizunguka jua mara moja, ni siku 88 za hapa, mtoto wa miaka saba angekuwa na 29 kule, Mirihi siku 687 hajafikisha hata minne, Mshtarii karibu miaka 12 yetu kwa hiyo hajasherehekea hata mara moja. Wanapenda sana hii.

Mwanzo wa ulimwengu mi nauelezea jikoni siku ya maandazi. Kabla donge halijaumuka mpe zabibu kavu azichomeke juu, achague moja iwe "sisi", apime kwa rula mpaka ya jirani, tuseme sentimita 4, na ya mbali, tuseme 8. Funika, subirini, apime tena. Ya jirani imefika 5, ya mbali imefika 10. Muulize ipi imekimbia zaidi, na je zabibu zimetembea zenyewe au ni unga ndo umevimba? Hivyo ndivyo galaksi, yale makundi makubwa ya nyota, zinavyoachana, aliandika padri Mbelgiji Georges Lemaître mwaka 1927, na 1929 Mmarekani Edwin Hubble, mtafiti wa nyota, akachapisha vipimo vyake. Sasa mwambie arudishe nyuma kichwani, donge linasinyaa, linasinyaa, mpaka kila kitu kimebanana na ni cha moto ajabu, hapo ni kama miaka bilioni 13.8 iliyopita. Mwanzo huo wengi wanauita Mlipuko Mkubwa (Big Bang), ila neno mlipuko mi silipendi kwa watoto kwa sababu anawaza bomu limelipuka mahali fulani gizani, wakati ni nafasi yenyewe iliyotanuka, kila mahali. Na mwambie donge lina ukingo ila ukingo wa ulimwengu hakuna aliyeuona.

Halafu mpe glasi ya maji. Haidrojeni iliyomo kwenye hayo maji imetoka kule kule mwanzoni, na chuma kilichomo kwenye damu yake kilipikwa ndani ya nyota zilizokufa kabla jua letu halijazaliwa. Wangu aliyaangalia maji muda mrefu kabla ya kunywa.

Atauliza kabla ya hapo kulikuwa na nini, na Mungu je. Usimkemee tafadhali, wala usimchanganye ukamfanya aone lazima achague upande, Lemaître mwenyewe alikuwa padri mpaka anakufa. Mwambie kwenye imani yetu tunasema hivi, na wanasayansi wamepima mpaka hapa, kabla ya hapo bado wanatafuta, labda ni we utakayeipata. Wangu aliuliza kama anaweza kuanza kesho, nikampa daftari, kila saa moja na nusu jioni mwezi ukionekana anauchora ulivyo.