Namna ya kutoa sadaka bila kufanya biashara na Mungu

Mimi ni mhazina wa kanisa. Ibada ikiisha na watu wakatawanyika, wenzangu nami tunabaki mezani na vikapu, na bahasha zinasema mengi. Nyingine zina jina tu. Nyingine zimeandikwa kama hati ya madai: kiasi, tarehe, na chini yake, "Bwana, nangoja kazi kabla mwezi haujaisha." Simcheki aliyeandika hivyo, shida yake anaijua mwenyewe. Ila kuna aliyemfundisha kwamba mbinguni kuna kaunta.

Anza kabla ya sadaka yenyewe. Chukua karatasi, orodhesha fedha za watu zilizo mikononi mwako: mshahara wa dada wa kazi, deni la jirani, kodi ya nyumba. Hizo si zako, basi huwezi kumtolea Mungu. Yakobo 5:4 anasema ujira uliozuiliwa kwa hila unapiga kelele, na kilio cha wavunaji kimefika masikioni mwa Bwana. Ukimlipa mfanyakazi wako Jumamosi, kesho yake ukaja na kidogo kilichobaki, umekuja vizuri. Wazazi nao wamo kwenye orodha. Katika Marko 7, Yesu anawakemea waliotangaza mali yao kuwa korbani, wakfu kwa Mungu, kumbe baba na mama wanakosa msaada.

Kisha tenga sadaka ukiwa nyumbani, umetulia. Paulo aliwaagiza Wakorintho kila mtu aweke akiba kwake siku ya kwanza ya juma, kwa kadiri ya kufanikiwa kwake, ili michango isianze kukusanywa siku atakapofika. Aliyekwisha kuamua hayumbishwi na kinanda wala na msemaji hodari.

Utaniuliza kuhusu fungu la kumi. Wakristo hawajakubaliana kama ni sheria kwetu, na mimi sitamaliza ubishi huo hapa. Natoa, na naona ni kipimo kizuri cha kuanzia. Lakini soma Kumbukumbu 14 uone lilivyotumika: familia ililila mbele za Bwana kwa furaha, na kila mwaka wa 3 likawekwa kwa ajili ya Mlawi (mtu wa kabila la Lawi, asiye na urithi wa ardhi), mgeni, yatima na mjane. Ukiwa mfanyabiashara, hesabu faida. Usikate mtaji ukadhani ni imani. Mwezi ujao utakosa cha kuuza, na cha kutoa pia.

Usikope ili utoe. Hili nalisisitiza kwa sababu wanaoumia zaidi ni wale wenye moyo safi. 2 Wakorintho 8:12 iko wazi: nia ikiwepo, mtu hukubaliwa kwa kadiri ya alivyo navyo, si kwa kadiri ya asivyo navyo. Wanaokusukuma utoe usichonacho watakuletea habari za yule mjane wa senti mbili, aliyetoa riziki yake yote. Wasomee Marko 12:40, mstari unaotangulia kidogo tu, ambapo Yesu anawataja waandishi, yaani walimu wa sheria, wanaokula nyumba za wajane huku wakisali sala ndefu. Mjane anasifiwa, lakini wanaomla hawasifiwi.

Ukitajiwa bei ya maombi, ondoka na pochi yako. Simoni wa Samaria alileta fedha apate uwezo wa Roho Mtakatifu, na Petro akamwambia fedha yake na ipotelee mbali pamoja naye. Siku hizi mambo yamegeuka, anayetaja bei ni mhubiri.

Jipime hivi: toa kiasi ambacho hakuna atakayekijua, kwa mtu asiyeweza kukulipa, halafu jiangalie wiki inayofuata. Ukijikuta unangoja malipo, endelea kutoa hivyo hivyo mpaka uchoke kungoja.

La mwisho linatuhusu sisi wahazina. Paulo alipopeleka mchango Yerusalemu hakuubeba peke yake. Alifuatana na ndugu waliochaguliwa na makanisa, mtu asije akamlaumu. Basi una haki ya kuuliza: nani anahesabu, wako wangapi, wanatia saini wapi, na taarifa inasomwa lini? Kwetu hakuna anayehesabu peke yake, hata mchungaji. Uliza kwa adabu, baada ya ibada, wala usianzie kwenye kundi la simu. Ukiambiwa una roho ya uasi, uliza tena, safari hii mbele ya wazee wa kanisa, na mpaka ujibiwe, sadaka yako mpelekee yatima unayemjua.