Kubadilisha boljointi za chini nyumbani

Juzi nilimsaidia shemeji kubadilisha boljointi za mbele, yaani maungio yanayoshikanisha mkono wa chini (ule mkono wa chuma unaobeba gurudumu) na kitovu cha gurudumu. Upande wa kwanza ulitula saa nne, wa pili dakika 40. Kilichotuchelewesha ni hatua ya 3.

1. Hakikisha ugonjwa. Mlio wa kugonga kwenye mashimo hautoshi, maana bushi (mipira ya kwenye maungio ya mkono) zilizokufa hugonga vilevile. Inua gari, pitisha mtaimbo chini ya tairi, unyanyue huku mwenzako akitazama maungio. Boljointi ikicheza, badilisha. Kama springi imekalia mkono wa chini, jeki iwe chini ya mkono huo. La sivyo springi itaibana boljointi na uchakavu hautaonekana.

2. Weka stendi, toa tairi. Usitegemee jeki peke yake hata kwa dakika moja.

3. Achanisha shina la boljointi. Hapa ndipo watu wanaharibu. Shina limechongwa kama koni na limeng'ang'ania tundu lake, kwa hiyo ukilipiga kichwani unaponda nyuzi tu, halitoki. Nasi tulilitwanga hivyo mpaka mikono ikafa ganzi. Fanya hivi: chomoa pini inayozuia nati isilegee, pulizia mafuta ya kulegeza kutu, legeza nati lakini uiache imeshika nyuzi kadhaa, kwa sababu mkono wa chini ukiachia unaruka kwa nguvu. Kisha piga ubavuni mwa kile chuma chenye tundu, si shina lenyewe. Nyundo nzito, mapigo machache ya uhakika. Chuma kinatikisika, koni inaachia. Kama una nyundo ya pili, ishikilie upande wa pili iwe fuawe. Ule uma wa kupigilia katikati siupendi: unachana mpira unaofunika boljointi, na ukikosea unachana hata boljointi nzima. Tumia tu kama ya zamani inatupwa. Angalia pia usivute kitovu cha gurudumu nje sana, ekseli ikachomoka au waya wa ABS (mfumo wa breki unaozuia tairi kujifunga) ukakatika.

4. Toa ya zamani. Ya bolti ni rahisi. Ya ribiti, toboa au kata vichwa kwa grainda. Ya kushindiliwa inataka presi. Usiigonge kwa nyundo, utapinda mkono.

5. Funga mpya. Futa tundu la koni likauke kabisa, usipake grisi. Shina likizunguka pamoja na nati, sukuma mkono wa chini juu kidogo kwa jeki ili koni ishike. Kaza kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, kwa kipimo cha kitabu cha gari lako. Tundu la pini lisipolingana, endelea kukaza hadi lilingane. Usirudishe nati nyuma kamwe. Pini iwe mpya.

6. Peleka gari likapimwe alaimenti (unyoofu wa matairi), kisha baada ya siku chache kagua tena nati na pini.