Kuandaa Subaru GC8 yenye tabo Kampala: ziba upepo kwanza

Kijana wa Ndeeba, hapa Kampala, ameniletea Subaru Impreza yake, aina ya GC8: moshi mweusi, petroli inakwisha upesi, nguvu hakuna. Fundi aliyetangulia alikuwa amepandisha presha ya tabo (feni inayozungushwa na moshi wa eksosi, inayobana hewa kuingia kwenye injini), na gari likazidi kuharibika. Hizi ndizo hatua tulizopitia, kwa wenye GC8 za 1992 hadi 2000 zenye injini ya EJ20.

Hatua ya 1. Pima kompresheni. Silinda zote nne zikaribiane. Moja ikiwa chini sana, ishia hapo, tengeneza injini kwanza.

Hatua ya 2. Oili, filta, plagi mpya. Kama hujui mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini, badilisha; ukikatika, valvu zinapinda.

Hatua ya 3. Tafuta upepo unaovuja. Msiiruke hii, ndugu zangu. Sensa ya hewa iko kabla ya tabo, na kompyuta inamwaga petroli kulingana na hewa iliyopimwa pale. Mpira ukipasuka baada ya tabo, hewa inatoroka lakini petroli yake inaingia kwenye silinda. Moshi mweusi unatoka hapo.

Chukua kifuniko cha bomba la maji la plastiki kinachoingia kwenye mpira wa hewa, kitoboe, funga valvu ya tairi. Chomoa mpira kwenye sensa, chomeka kifuniko, kaza klipu. Kabla ya kujaza, ziba mipira ya kupumulia injini inayoungana na njia hiyo, la sivyo upepo utaingia kwenye tumbo la injini na kusukuma sili za oili. Kompresa ya fundi tairi inatosha, mradi ina regulata ya kudhibiti presha. Panda polepole, usizidi bar 1, wala usisimame mbele ya kifuniko: kikichomoka kinavunja meno.

Pulizia maji ya sabuni kwenye kila kiungo: mipira ya intakula (kipoza hewa baada ya tabo), gasketi ya valvu ya kupumulia tabo, sili za injekta. Ukisikia upepo kwenye eksosi, huenda ni valvu za injini zilizosimama wazi. Geuza kreki (shafti kuu ya injini) kidogo kwa spana, sikiliza tena. Kwa kijana huyu, ufa ulijificha chini ya klipu ya intakula. Kwenye bar 0.3 kimya, ilipofika 0.6, povu likafura. Nimeweka mpira wa silikoni na klipu ya boliti. Klipu za bisibisi sizitaki kwenye tabo, zinalegea zikipata moto.

Hatua ya 4. Funga kipimo cha mchanganyiko wa hewa na petroli. Kwa presha kamili nataka uzito wa hewa uwe mara 11 hadi 11.5 ya petroli. Sikio halipimi hilo.

Hatua ya 5. Presha. Kampala iko kwenye mita 1,200 hivi, na hewa yetu ni kama bar 0.88. Geji ikisoma bar 1 Mombasa, jumla pamoja na hewa ya nje ni bar 2; hapa ni 1.88. Ukitaka kuifikia ile ya Mombasa, tabo lazima ibane hewa karibu mara 2.3 badala ya mara 2. Hewa inachemka, injini inagonga (petroli inalipuka vibaya ndani ya silinda). Tabo ndogo ya kiwandani mimi siilazimishi.

Hatua ya 6. Jaribu kwenye uwanja wa mashindano, si barabara ya Entebbe. Ukisikia mlio kama wa kokoto ndani ya kopo, ndiyo injini inagonga: ondoa mguu kwenye mafuta papo hapo, shusha presha, kisha toa plagi uzitazame kabla ya kukanyaga tena.