Staa ukitaka kununua shamba kubwa nje ya Dar bila kupigwa

Msanii wa Bongo akishakamata hela ya maana cha kwanza ni ndinga, cha pili mjengo Mbezi au Goba, halafu kuna siku kichwa kinatulia anataka shamba. Sio kiwanja jamani, shamba, heka mia huko Kisarawe au Bagamoyo, nyumba katikati, ng'ombe, bwawa la samaki na studio ambayo hakuna mtu atakuja kugonga mlango saa tisa usiku. Wazo zuri tu. Ila kwenye ardhi staa anapigwa kuliko mtu mwingine yeyote maana sura yake yenyewe ina bei, na akijifanya mjanja kuificha anaishia kuficha na kitu ambacho hakutakiwa kuficha. Kwa hiyo shika hii: sura ficha, jina usifiche.

Tuanze na sura. Usiende kuangalia shamba na V8 tatu na machawa wanarusha laivu. Dalali akikuona tu anasogea pembeni anampigia mwenye shamba "mzee leo nimekuletea mtu", hiyo bei uliyoambiwa kwenye simu imeshakufa. Tafuta mtu mzima wa familia, mjomba au shemeji mwenye heshima zake, aende na Noah au bodaboda, nguo za kawaida, aseme wanatafuta sehemu ya kulima. Na asitaje heka mia siku ya kwanza, aulizie heka tano, akishajua heka moja inaendaje ndo aulize ukichukua nyingi wanapunguza ngapi. Ukianza na mia wanajua una mkwanja wanakupangia.

Vipimo navyo. Huko heka wanapima kwa hatua, sabini kwa sabini, sasa swali ni hatua za nani, maana nimeona dalali anapima anatembea kama bibi harusi anaingia ukumbini, kwenye heka moja utaona kawaida ila kwenye mia umeshaliwa eneo la maana. Lipa mpima aje na GPS yake, na umlipe wewe, asilipwe na anayeuza.

Sasa jina, na hapa ndo wengi wanapotelea. Yule mjomba kazi yake ni kuulizia bei, asinunue kwa jina lake. Mkataba na hati vikitoka kwa jina la mjomba basi shamba ni la mjomba, akifariki linaingia kwenye mirathi ya watoto wake na we utabaki unaonyesha meseji za M-Pesa mahakamani. Meneja hivyo hivyo. Kama hela inatoka kwenye lebo ndo kabisa, iandikwe wazi hiyo ni hela yako wanakukata au lebo ndo inanunua, maana siku ukihama lebo hiyo ishu itaibuka tu. Na kama mwenza wako sio Mtanzania usimwandikishe kama zawadi ya ndoa, asiye raia hamilikishwi ardhi isipokuwa kwa njia ya uwekezaji na hiyo ina utaratibu wake.

Kabla hujatoa hata shilingi jua ardhi yenyewe ni ya aina gani. Kuna Sheria ya Ardhi Namba 4 ya 1999 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya 1999, na mashamba mengi makubwa unayoonyeshwa Pwani yanaangukia hiyo ya pili. Halmashauri ya kijiji mwisho wake ni hekta 20, yaani kama heka 50 hivi, tena lazima mkutano mkuu wa kijiji uwe umekubali. Kuanzia hapo mpaka hekta 50 inapanda wilayani, ikizidi hapo inaenda kwa Kamishna wa Ardhi. Kwa hiyo heka mia zako mwenyekiti akikwambia "haya mambo tunayamaliza hapa hapa leo", we nyanyuka. Na ule mchongo wa kukata vipande vidogo vidogo kwa majina ya ndugu ili visifike wilayani achana nao, umerudi kule kule kwa mjomba.

Na ujue kwenye huo mkutano mkuu ndo sura inatoka sasa, hukwepi. Bei muwe mmeshakubaliana na mwenye shamba kwa maandishi, halafu nenda mwenyewe, shati la kawaida, ukae kwenye benchi na wazee. Watapiga makofi, watoto watajaa madirishani, mtu atasimama aombe jezi, mwingine bati za zahanati, mwingine umwimbie kidogo. Ahidi kile utakachotoa kweli maana utaishi na hawa watu. Ila usiondoke bila nakala ya muhtasari wenye sahihi na mahudhurio, hiyo karatasi ina thamani kuliko picha zote utakazopiga siku hiyo.

Kama shamba lina hati, wakili wako aende kufanya upekuzi kwa Msajili wa Hati, aone kama kuna rehani ya benki au zuio la mahakama, aangalie na deni la kodi ya pango la ardhi. Wakili mwenyewe mkague kwenye e-Wakili ya Mahakama, kuna watu wanavaa suti tu. Muuzaji akiwa na mke, mke asaini. Akisema ni la marehemu baba, muulize barua ya usimamizi wa mirathi iko wapi, akianza hadithi ya dada yake yuko Oman msubirie huyo dada.

Halafu litembee lote, na ulitembee masika, mwezi wa nne hivi, utajua barabara ipo au ilikuwepo kiangazi. Ukifika kwenye mikorosho uliza ni ya nani. Nasema hivi kwa sababu Pwani ardhi inaweza ikawa ya huyu na mikorosho ya yule, baba yake aliipanda kwa ruhusa zamani, we umenunua umefyeka kila kitu, msimu wa korosho ukifika anakuja mzee na vikapu na wajukuu anauliza miti yake iko wapi. Makaburi nayo, yakiwepo mwandikiane kabisa njia ya ndugu kupita. Upande wa Kisarawe hakikisha haumo ndani ya msitu wa hifadhi wa Pugu na Kazimzumbwi, na kama shamba linapakana na mto Ruvu au bahari, mita 60 za mwanzo kutoka ukingoni zinalindwa na sheria, usiziwekee ramani ya baa. Maji pia, chimba kisima cha majaribio kwanza, sehemu nyingine yanatoka chumvi.

Kwenye gharama za kulitunza wasanii wa mbele wana funzo. Rapa Rick Ross, yule aliyepiga kolabo na Diamond mwaka 2017, alinunua lile jumba la bondia Evander Holyfield kule Georgia mwaka 2014 kwa dola milioni 5.8, vyumba 109 na heka 235, na pamoja na hela zake amesema nyasi anakata mwenyewe kwa trekta. Neverland ya Michael Jackson, heka kama 2,700, mwaka 2015 iliwekwa sokoni dola milioni 100, ikaja kuuzwa 2020 kwa milioni 22. Kwa hiyo usijipe moyo kwamba ukikwama utaliuza fasta.

Ukishamaliza weka mtu pale siku ile ile. Mlipe mshahara wa mwezi, sio binamu unayemtupia elfu ishirini ukimkumbuka, na mpatie namba ya mwenyekiti maana ng'ombe za wafugaji zikiingia mwenyekiti ndo ataongea nao mapema. Panda hata mananasi kama wenzako wa Kiwangwa, shamba likikaa pori serikali inaweza kufuta hati, na mtu akijenga humo ukalala miaka 12 bila kufungua kesi, unakuwa umechelewa kumtoa.